Breki za Wen Zashuka Ngomo

"Nilishasema hapana, maman Adolphine! Gari yangu inabebaka watu na maharagi, haibebake majaribio!"

"Na zile freni zako za Ulaya, papa Gaston, siku ya kwanza zilijaribiwa na nani? Na malaika?"

Ua mzima ulikuwa umeshatoka milangoni. Jirani yao Colombe alijifanya anapepea makaa, na makaa yenyewe hayakuwapo. Nani angekubali kukosa ugomvi huu? Gaston alikuwa dereva wa lori la kati ya Bukavu na Kamanyola, na madereva wa mtaa wao wa Nyawera walimtazama yeye: akinunua kitu, wote wananunua. Adolphine, jirani yake ukuta kwa ukuta, aliuza vipuri sokoni. Alikuwa amewaambia wanawake wawili tu kwamba ndiye wakala mpya wa freni, yaani breki, za China. Wawili hao walitosha. Nyawera nzima ilijua. Hata kibao cha duka kilikuwa kimeshapakwa rangi.

Kati yao alisimama Wen, mjumbe wa kiwanda cha China, koti limefungwa hadi kooni. Mtaa ulisema kwa abakosti, koti hilo lisilovaliwa na tai, anawashinda hata wakubwa wa chama. Kiswahili alijifunzia Tanzania, kwenye ujenzi wa reli.

"Shikamoo, mzee Gaston. Nisipopata dereva hapa, nitaupeleka uwakala Bujumbura."

"Musikie! Anaongea kama redio!" Colombe akaangua kicheko.

Adolphine hakucheka. Kile kibao atakificha wapi?

Gaston alikuna kidevu. Nyawera ilikuwa na desturi yake: anayeuza kipuri kigeni hupanda safari ya kwanza.

"Muzuri. Nitafunga za mbele. Lakini huyu atarudia kwabo. Wewe, jirani, ndiye unabakia na siye. Panda wewe."

Kwa kuuogopa mteremko wa Ngomo ulio kwenye barabara hiyo, miaka yote Adolphine alimtembelea dada yake wa Kamanyola kwa kumtumia salamu tu.

"Nitapanda," alisema, sauti nyembamba kama uzi.

Kulipokucha akabanwa kati ya Gaston na Wen, rozari mkononi, kuku wa abiria mmoja mapajani mwa Wen. Kwenye kona ya kwanza ya Ngomo bonde likafunguka chini ya dirisha. Adolphine akafumba macho. Gaston akakanyaga.

Lori likapunguza mwendo taratibu, bila kuyumba, bila kile kilio cha chuma alichokizoea kila mtu.

Kona ya pili Gaston akakanyaga tena. Kisha akaanza kukanyaga hata palipo sawa. Bondeni alisimama kumpisha mbuzi aliyekuwa mbali, halafu akasimama kupisha kivuli cha mbuzi.

"Papa Gaston, tutafika lini?" abiria wakapiga kelele juu ya magunia.

"Mutulie! Niko kwa kazi!"

Adolphine akafungua jicho moja, halafu la pili. Kumbe kule chini kuzuri.

Jioni ua ulikuwa umejaa kuliko siku ya harusi.

"Na kwa hivi? Freni ziko namna gani?" Colombe hakuweza kungoja.

Gaston alijifuta mikono, kidole kwa kidole.

"Haiko mubaya," Gaston alisema. "Za nyuma ziko wapi?"

Vigelegele vikapanda hadi barabarani. Gaston akamgeukia mkewe mlangoni.

"Delphine, ongeza sahani! Mambo ya freni hatuongeake tukiwa tumesimama. Maman Adolphine, na huyu Muchina wako, muingie tukule. Bugali inapoa."