Siku ya Kufeli

Kavutha aligonga meza mara mbili, na bintiye akainua macho kutoka kwenye kikombe cha chai. Ndivyo walivyoitana humo chumbani tangu Syokimau alipokuwa chekechea, masikio yake yalipoanza kutoa usaha na zahanati ikawa haina dawa.

"Leo daktari wa masikio anakuja shule," Kavutha alisema polepole, midomo ikionekana vizuri. "Usijifanye mjanja. Ukifeli ndio unapewa kifaa cha kusikia."

"Nifeli."

"Ufeli kabisa, mami." Akajifunga leso na kwenda Parklands kufua nguo za watu. Huenda hakuna mzazi mwingine kando ya barabara ya Waiyaki Way aliyemtakia mtoto wake hivyo asubuhi hiyo.

Shuleni, Syokimau alijulikana kwa kiburi. Mwalimu akimwita akiwa amegeukia ubao, hakuitika mpaka Rachael, mwenzake wa dawati, amfinye. Rachael akiugua, kiburi kilizidi, na Syokimau akasimamishwa nyuma kabisa ya darasa, mahali ambapo sauti ya mwalimu haifiki, ili ajifunze kusikiliza.

Mwalimu mkuu, Bwana Wainaina, aliheshimiwa sana, hasa na yeye mwenyewe. Shule yake haikuwahi kuanguka ukaguzi. Wageni walipokuja kukagua vyoo, vyoo viling'aa hadi wanafunzi wakakatazwa kuviingia. Walipokuja kukagua usomaji, gredi ya sita ilikariri ukurasa mmoja mpaka ikaweza kuusoma kitabu kikiwa kimefungwa. Sasa walikuwa wanakuja kukagua masikio. Wiki nzima, gwaride lilifanya mazoezi: kengele ikilia, mikono juu.

"Hakuna sikio litaniaibisha!" Wainaina alitangaza. Shule ikapiga makofi, kama ilivyofunzwa.

Mpimaji, dada mmoja aitwaye Anita, aliweka mashine yake katika ofisi ya walimu. Ilikuwa mashine moja kwa shule nyingi, na baada ya chakula cha mchana ilitakiwa katika shule ya Woodley. Mtoto aliketi akimpa Anita mgongo, akavaa hedifoni, na kila aliposikia mlio akainua mkono.

Wainaina naye alisimama mbele ya mtoto, akiegemea kabati, kulinda nidhamu. Kutoka hapo alikiona vizuri kidole cha Anita. Kidole kikibonyeza, nyusi za mwalimu mkuu zilipanda. Watoto wakapita mmoja baada ya mwingine, kwa fahari kubwa.

Zamu ya Syokimau ilipofika, hakusikia kitu. Lakini aliziona nyusi. Tangu chekechea alikuwa akiishi kwa kusoma nyuso za watu, na mkono ukapanda wenyewe. Ukapanda kila mara, hata kwa ile milio hafifu inayowashinda watu wazima.

"Wah! Masikio safi kabisa," Anita alisema, akaita mwingine.

Nje, Rachael alimshika bega na kumgeuza. "Niaje? Umefeli?"

Syokimau akatikisa kichwa.

"Umepita? Syo, wewe ni fala? Mamako atasema nini?"

"Mwalimu alikuwa anafanya hivi." Akapandisha nyusi.

"Si ungeangalia chini!"

"Siwezi. Uso wa mtu ukisonga, mimi naangalia tu."

Rachael alifikiri kidogo, kisha akamwekea viganja machoni. Alipoviondoa, Syokimau alikuwa tayari anarudi ofisini.

Lenox wa gredi ya tano alikuwa akikaribia kiti. Syokimau akakiwahi.

"We! Kuna laini!" Lenox akalalamika.

"Huyu ameshapita!" Wainaina akafoka. "Rudi darasani!"

Syokimau aliyasoma yote hayo midomoni mwao. Akavaa hedifoni. Kisha akafumba macho.

Anita alisita, halafu akabonyeza. Nyusi zikapanda. Mkono wa Syokimau ulibaki pajani. Anita akaongeza sauti, akabonyeza tena. Nyusi zikapanda hadi karibu zikutane na upara.

"Amelala huyu," Wainaina akasema. "Syokimau! Inua mkono!"

Hakusogea. Anita akainua macho polepole kutoka kwenye mashine, akamtazama mwalimu mkuu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mwalimu, umekuwa ukisimama hapo wakati wote?"

"Nidhamu, madam. Bila nidhamu hawa watoto hawasikii."

"Na hawa wote waliopita?"

"Wamepita. Tuliwatayarisha vizuri."

Anita akaitazama saa ya ukutani. Hakukuwa na muda wa kuwapima upya wote. "Hebu tupishe, mwalimu. Toka nje."

Wainaina alitoka na heshima yake yote, akaubamiza mlango hadi vikombe vya walimu vikatetema kabatini. Lenox akaruka.

Syokimau hakushtuka. Aliketi vilevile, macho ameyafumba, akingoja mtu amguse bega.