Kisahani cha Shata

Miaka yote ya ndoa yetu shata lilikuwa langu. Mke wangu Mbodze akishachemsha tui la nazi mpaka mafuta yakajitenga, chini ya sufuria hubaki mashapo matamu ya rangi ya hudhurungi. Huyakomba, huyatia kwenye kisahani, huniletea barazani. Hapa Msambweni mume asiyeletewa shata hujua kuna jambo.

Sasa kisahani kinakwenda kwa Hesbon.

Hesbon ni kijana wa bara anayekanda watalii katika hoteli moja ya Diani. Kila wiki huja kwa pikipiki kuchukua mafuta. Mimi huniambia, "Sasa, mzee." Mke wangu ndiye anayeamkiwa shikamoo. Kisha hukaa naye jikoni akimweleza kwamba mafuta yake huitwa mafuta ya kubebea: mafuta makali ya maua ya mlangilangi yakipakwa peke yake huchoma ngozi, basi hutiwa matone machache ndani ya haya ya nazi yayabebe. Mbodze alikipenda kineno hicho, akashinda akikirudia. Mimi nilisoma gumbaru hadi nikafanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na mvi, na sikumbuki kineno changu hata kimoja alichopata kukirudia.

Juzi Hesbon alikuja na chupa mkononi, uso umemshuka. Mafuta yalikuwa meupe, yameganda kabisa. Alisema mkubwa wake ameamua kuwa yametiwa mafuta ya kondoo, na hoteli haitachukua tena. Mbodze aliipokea chupa, akaipindua juu chini. Sifa ya mafuta safi ameirithi kwa mamake.

Mimi nilijua. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi iitwayo lauriki, nayo ndiyo huyafanya yagande yakipata ubaridi mdogo tu. Kwetu asubuhi za Julai huyatia ukungu tu, hayagandi hivi, lakini chumba cha kukandia watalii kina mashine ya baridi. Neno langu moja lingetosha. Nikanyamaza. Niliwaza kwamba pikipiki ile ikiondoka leo hairudi, na kisahani kitarudi barazani.

Mbodze akanigeukia.

"Baba Shutu, wewe ndiye uliyesoma. Mbona umekaa kama mgeni?"

Nikaichukua chupa, nikaiweka ukingoni mwa baraza, juani. Tukiwa tunangoja nikawaeleza habari ya lauriki, wala sikufupisha. Mafuta yalilegea pembeni, kisha yakawa maji, angavu kama kioo. Nikamwambia Hesbon kuwa mafuta ya kondoo hayangeyeyuka kwa jua la barazani; akamwonyeshe mkubwa wake hivyo hivyo, na kabla ya kumgusa mgeni aiweke chupa katika bakuli la maji moto.

"Lauriki," Mbodze akasema polepole. Akalirudia.

Hesbon alipopanda pikipiki aliniambia, "Shikamoo, mzee." Nilichelewa kidogo kuitikia marahaba.

Hoteli imeongeza chupa. Hesbon sasa huja mara mbili kwa wiki, na akiingia jikoni nami huingia na kiti changu. Mbodze hutia shata visahani viwili. Changu ndicho kilichojaa zaidi. Nimepima kwa kijiko.