Siagi ya Heledd

Haya aliniambia Nerys, jirani yangu, juma moja baada ya kukata manyoya ya kondoo wao, tukimenya viazi jikoni kwake.

Binti yake Heledd aliacha sigara za moto akashika ya umeme, ya ladha ya siagi. Aliinunua sokoni kwa mtu ambaye haandiki kilichomo. Baada ya siku chache tu, Nerys akakuta mkate wa mezani umepakwa siagi na kisu kiko kabatini. Heledd alikuwa amepumua karibu. Siagi ilikuwa nzuri, ina chumvi kama tupendavyo huku Wales. Nerys akaacha kununua ya dukani.

Kazi ya Heledd ilikuwa mluzi. Akipuliza getini, mbwa wao Mot alipanda mlimani akateremsha kondoo wote. Baba yake, Idwal, magoti hayamchukui tena, na Mot hafuati mluzi wa mwingine. Siagi ilivyozidi, mluzi ukapungua, hata ukawa haufiki zizini. Ngazi za nyumba Heledd alizipanda kwa vituo.

Daktari alimsikiliza kifua. Akasema vijia vidogo vya mapafu vimeota makovu, havitafunguka tena. Alidhani ni ile ladha.

“Mbona siagi yake tunakula sote,” Nerys alisema, “na hatuumwi?”

“Kuleni tu, mama. Tumboni haina neno. Haikutengenezwa ivutwe.”

Heledd aliahidi kuacha. Aliivuta garini, kabla baba yake hajawasha injini.

Siku ya manyoya, majirani walikwenda kuswaga kondoo kwa pikipiki. Nusu ya kondoo wakabaki mlimani. Wakati wa chakula Emrys, mkataji, akasema, “Nerys, uza ng'ombe. Huyu binti anakutosha.” Wakacheka, Heledd naye, mpaka pumzi ikamwishia. Walingoja irudi. Kisha Emrys akamsogezea mkate wake.

Jioni, jua lingalipo, Idwal alipanga vipande vya mkate kando ya kitanda cha Heledd, maana wakataji wangerudi kesho, akaenda kulala. Nerys alibaki na binti yake. Mot akaingia, akakaa, masikio juu. Heledd akafumba macho, akakaza midomo, akapuliza. Vipande vyote vikapakwa.

“Mot amekwenda?” akauliza, macho bado kafumba.

“Amekwenda, mwanangu.”

Heledd akalala. Mot alikuwa palepale, akingoja. Nerys akafunika mkate kwa kitambaa, inzi wasitue, naye akaenda kulala.