Chiriku wa Suzanne kwenye Barieri

Suzanne alipokimbia Fizi na mumewe, kitu pekee alichookoa kilikuwa chiriku wake ndani ya kitundu. Alimlea tangu hajaota manyoya. Vita vilimnyang'anya nyumba, lakini aliapa kwamba chiriku havimpati. Kwa hiyo walipofika kwenye barieri, kizuizi cha wapiganaji barabarani karibu na mji wa Baraka, ambapo kila mpita njia aliacha kitu cha kuliwa, alikikumbatia kitundu kifuani.

Mkubwa wa barieri alikuwa Wilfried, aliyefundishwa biolojia na mume wa Suzanne, mwalimu Isidore, kabla ya kushika bunduki.

“Mwalimu! Ulinipatia zero mu examen: kulinganisha ndege na raie. Leo wewe ndiyo utajibu. Yenye iko karibu kuisha mu dunia, tutaiheshimu. Yenye iko mingi, inaingia mu sufuria.”

Raie ni taa, samaki bapa wa baharini. Isidore mwenyewe alimjua kwa picha tu. Lakini mpe swali mtu yule, hata risasi zikilia, atatafuta chaki. Akaanza: wote wana uti wa mgongo, ila ndege ana damu moto, mifupa na manyoya, taa ni samaki, jamaa ya papa, mwilini hana mfupa hata mmoja, ni gegedu tupu. Wapiganaji wakasikiliza midomo wazi.

“Na gani iko karibu kuisha?”

Suzanne akamkanyaga mguu. Sema ndege, mume wangu, danganya japo mara moja!

“Raie,” akasema Isidore. “Banaivua sana, na inazaa polepole. Chiriku iko mingi, kila fasi.”

Jamani, mwanamume huyu! Suzanne angemtia yeye kwenye sufuria. Wilfried alikwisha kushika kitundu.

“Na bamwalimu, Wilfried?” Suzanne akafoka. “Bale balikufundisha, nabo bako mingi?”

Wilfried akasita. Wengine walikuwa wamevuka ziwa kwenda Kigoma, wengine wamezikwa. Akakiachia kitundu.

“Pita, mama.” Kisha akamgeukia Isidore, na sauti yake ikawa ya mwanafunzi. “Mwalimu, masomo itaanza tena lini?”

Shule ilikuwa imeungua yote, na hapo hapakuwa na asiyejua.

“Juma yenye inakuya,” akasema Isidore. “Usichelewe.”

Suzanne akauondoa mguu wake juu ya mguu wa mumewe.