Nilipoizima Seva ya Wakfu

Bwana Abdulwahid aliniambia nisiizime seva, nami nikaizima. Tangu siku hiyo mjini nasimuliwa kwa namna nyingi. Wengine wanasema nina kiburi, wengine wanasema kompyuta zimenipanda kichwani. Kiburi ninacho. Hilo la pili ni uzushi.

Mimi ndiye Rumaisa, ninayeangalia mitambo ya wakfu wetu hapa Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu. Nyumba ni moja: chini vyumba vya wageni, katikati maktaba, juu zahanati ya wanawake ya Bi Nana, muuguzi aliyezalisha nusu ya mtaa. Seva nayo ni moja, lakini ndani yake nimetengeneza kompyuta pepe, mashine za programu tupu zisizo na mwili, kila shughuli na yake, na ipo programu ya usimamizi inayoziwasha, kuzizima na kuzifungua zote. Anayeishika programu hiyo ameishika nyumba nzima.

Wiki ya Maulidi, asubuhi, ikaja tahadhari kutoka kwa walioiunda: programu ina ufa. Kumbukumbu ya kompyuta imegawanywa mfano wa zidaka za ukutani, kila kitu na kishimo chake. Sasa programu hii ilikuwa ikipokea ujumbe wa mtandaoni bila kuupima. Ujumbe ukizidi nafasi yake unamwagikia nafasi ya jirani, na mwenye hila anaweza kuupanga mmwagiko huo ukawa amri. Hahitaji nywila. Anahitaji kuifikia programu tu.

Na kuifikia kwetu kulikuwa rahisi mno, kwa kosa letu wenyewe, kosa la ukarimu. Mwaka uliopita niliwatengea wageni mtandao wao. Mgeni mmoja akashindwa kufungua vitabu vya maktaba kwa simu yake, na Bwana Abdulwahid, mwenyekiti wetu, akaona haya hata chakula kikamshinda.

"Mtu amekula sahani moja nami," alinifokea, "halafu wewe wamfungia mlango?"

Akaniamuru niirudishe mitandao iwe mmoja. Nikairudisha huku nanung'unika. Kwa hiyo yeyote aliyeketi kwenye daka letu, pale mlangoni penye viti vya mawe ambapo wanaume hunywa kahawa, kwa simu yake alikuwa keshaingia ndani mpaka juu kabisa.

Huko juu ndiko kulikokuwa na la kuogopewa. Faili za Bi Nana zinajua nani anameza dawa za maisha, nani amefunga uzazi mumewe hana habari, na ni ndoa ipi ambayo kasoro ya kutopata mtoto si ya mke. Hapa Amu, kama tuitavyo Lamu, habari hufika Kipungani, mwisho wa kisiwa, kabla mwenyewe hajatoka mlangoni. Wanawake wale walikubali kuandikwa kwenye kompyuta kwa sababu mimi, kwa kinywa changu, niliwaambia hakuna atakayeona.

Nikamwendea mwenyekiti. Nikamwambia kiraka cha kuziba ufa kipo, ila ni kizito na mtandao wa simu yangu wasuasua. Nahitaji seva izimwe mpaka alasiri, ufa usiachwe wazi.

"Wiki hii?" akasema. "Wageni washashuka ndege Manda wangoja mashua, orodha ya vyumba vyao imo humo ndani, nawe wataka kuzima? Baada ya Maulidi, mwanangu."

"Basi niwakatie wageni mtandao tu."

"Hilo ndilo baya zaidi! Wataka niwaambie nini? Kuwa twawadhania wezi?"

"Sisemi ni wezi, Bwana. Nasema sijui ni akina nani."

"Nimekwisha sema, Rumaisa."

Na kweli alikuwa amekwisha sema, maana aligeukia simu yake. Nikashuka ngazi nikiwa na hasira, nikaingia chumba cha seva, nikazima kila kitu, nikajifungia.

Haikupita muda nikamsikia mwenyekiti akimpigia simu Wanyama, fundi wa kompyuta wa sokoni, aje afungue kwa ufunguo wa akiba, aiwashe. Kiraka kilikuwa hata nusu hakijashuka. Nikampigia Bi Nana kule juu, nikamweleza yote.

"Wanawake wangu wamo humo," akasema.

"Wamo, Bi Nana."

"Haya. Wewe shika kazi yako. Ndia ya kuingilia ni moya tu."

Sikumwelewa mpaka niliposikia kishindo cha viatu na maongezi, nikafungua dirisha dogo linalotazama mlangoni. Wanawake. Walikuja kwa mabuibui yao, wakaketi kwenye viti vya mawe pande zote mbili, na waliokosa nafasi wakaketi kizingitini. Wanawake wa Amu hawakai daka mchana. Bi Nana hakuwaita wenye faili peke yao. Aliwaita wote, wazima na wagonjwa, mabikizee na maharusi, ili asijulikane nani ana la kuficha. Wanyama alifika na mkoba wake, akasimama katikati ya ujia, akawa anausoma ukuta asiwatazame wao. Hakuna mwanamume wa mji huu atakayepita akiwagusa magoti.

Bwana Abdulwahid akatoka ndani, uso umemwiva.

"Bi Nana, hini ni nini? Wageni waya sasa hivi!"

"Na waye," akajibu Bi Nana. "Watatukuta tumekaa."

"Kila mtu na aende kwake! Kama hamna zitu humo mwaogopa nini?"

Hapo mwanamke mmoja wa kizingitini akafunua uso. Alikuwa Bi Amal, mkewe.

"Mimi hukuniuliza kama nina kitu humo," akasema kwa utulivu. "Niulize, nikujibu hapa hapa, watu wasikie."

Bwana Abdulwahid akageuka, akarudi ndani. Wanyama akatwaa mkoba wake akaenda zake. Nami nikarudi kwenye kazi yangu, machozi yananitoka kwa furaha, na kiraka kikashuka, kikaingia, kikashika. Adhana ya alasiri ilinikuta nawasha mashine moja baada ya nyingine.

Wanawake walipokwisha ondoka, mwenyekiti alibisha mlango wa chumba cha seva. Hakuja kunifukuza kazi. Alisimama huku akivuta vuta ncha ya kanzu yake, na sauti aliyonitolea sijapata kuisikia kwake.

"Rumaisa, mwanangu. Wewe waweza kuziangalia faili za Bi Nana. Mwenyewe ndani, mke wangu, jina lake limo?"

Nilimhurumia, Wallahi. Mtu mzima, na hofu imemjaa machoni. Lakini nilisimama mlangoni nikaweka mkono kwenye mwimo.

"Bwana Abdulwahid," nikamwambia, "wewe ndiye mtu niliyemzimia seva asiyaone hayo."