Wivu wa Pumzi

Mtoto wa kwanza alizaliwa na kifua kibaya. Kabla meno hayajaota alikuwa ameshalazwa hospitali mara nyingi kuliko watu wengi wanavyolazwa maisha yao yote. Mama yake alimfunika, akambeba, akamkinga na vumbi, baridi na maua, mpaka majirani wakasema yule halei, anaatamia. Wakamwita mtoto Yai. Jina likamganda.

Mdogo wake, wa kike vilevile, alitoka na kilio kilichowafanya wauguzi wa wodi ya jirani waje kuchungulia. Huyo alianza kukimbia kabla hajajua kutembea vizuri. Wakamwita Farasi.

Baba yao alifariki wangali wadogo, wakabaki wanawake watatu kwenye nyumba ya vyumba viwili. Mama alilala na Yai kwa sababu ya kile kifua. Farasi alilala chumba cha pili, peke yake, maana yeye alikuwa mzima.

Yai alianza kumwonea mdogo wake wivu tangu akili zilipomwingia. Hakumwonea wivu kwa sura wala nguo. Alimwonea wivu kwa pumzi. Nyumbani kukiwa na sherehe, Farasi ndiye aliyejaza maputo, moja baada ya jingine, mashavu yamemtuna, huku Yai amepewa kazi ya kufunga uzi. Farasi akicheka, alicheka mpaka kicheko kiishe chenyewe. Yai alicheka kwa kipimo. Kikimzidi, kiligeuka kikohozi, na mama angetokea mbio kumwambia basi, inatosha.

Walikua hivyo hivyo. Yai akapata kazi ya kushona mapazia kwenye duka la barabara kubwa. Mwenye duka, mama mmoja mwenye huruma na mdomo mrefu, alimwekea cherehani karibu na dirisha ili vumbi la vitambaa vizito lisimsumbue. Yai alikuwa fundi hasa. Marinda yake yalilingana kama yamepimwa kwa rula, na pazia lake likishatundikwa lilidondoka sawa bila kupigiwa pasi mara ya pili.

Tatizo lilikuwa lile dirisha. Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la viatu, kulikuwa na ukumbi wa mazoezi, na mwalimu wa pale alikuwa Farasi. Kila jioni sauti yake ilivuka barabara ikaingia dukani bila kubisha hodi.

"Goti juu! Tena! Nani kachoka?"

"Hakuna!" wanawake walijibu kwa pamoja.

Yai akisikia lile "hakuna," mguu ulimkaza kwenye pedali. Mara nyingi alifumua mshono alioupiga wakati huo, maana ulikuwa umekwenda upande.

"Mdogo wako ana mapafu, jamani," mwenye duka alisema siku moja, akitazama nje. "Angegawa hata robo."

"Hagawi," Yai akajibu, na mwenye duka akacheka, akidhani ni utani.

Jioni moja Yai aliingia chumbani kwa mdogo wake kuazima kitana. Akakutana na harufu ya tikiti maji, tamu kupita tikiti lenyewe. Farasi alikuwa amesimama dirishani ameshika kitu chembamba cha rangi ya waridi, kama kalamu ya mtoto. Ncha yake iliwaka taa ndogo.

"Nini hicho?"

"Vepu. Usianze, dada. Hii si sigara. Haina moshi, ni mvuke tu."

"Mvuke wa nini?"

"Wa tikiti!" Farasi akacheka. "Wenzangu wote pale wanavuta. Inatuliza akili, na njaa inakata."

Akakiweka mdomoni, akavuta, akatulia, kisha akaachia. Likatoka wingu jeupe, refu, lisilokatika, likavuka kitanda, likavuka kabati, likafika mlangoni alipokuwa Yai. Lilikuwa bado linatoka.

Hofu kwa mdogo wake ingepaswa kuja kwanza. Haikuja. Kilichokuja ni uchungu wa kuona mtu ana pumzi ndefu kiasi kile na anaimwaga dirishani kama maji ya kuoshea vyombo. Kisha kifua kikambana, akatoka kwenda kutafuta dawa yake ya kupuliza.

Farasi akamfuata. "Nisamehe, dada. Nitakuwa navutia nje. Ila usimwambie mama."

"Simwambii," Yai akasema.

Na kweli hakumwambia. Kwa nje ilionekana ni wema wa dada kwa mdogo wake.

Miezi ikapita. Farasi akaanza kukohoa asubuhi, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Mama akamuuliza kama ni mafua. Farasi akasema ni vumbi la ukumbini. Yai akaendelea kupaka mkate siagi. Baadaye zile kelele za ng'ambo zikabadilika. "Goti juu" ikabaki, lakini "tena" ikawa haiji. Farasi akanunua filimbi, akawa anapiga filimbi badala ya kuhesabu kwa sauti. Siku moja, akiwa dirishani, Yai alimwona akishuka ngazi za ukumbi, akasimama katikati ameshika chuma, ameinama, kama mtu aliyedondosha kitu.

Yai akaona raha. Ilikuwa raha fupi, kama ya mtu aliyejikuna palipokuwa pakimuwasha. Akarudi kwenye mshono wake, na safari hii mshono haukwenda upande.

Ilitokea siku ya katikati ya wiki, saa za mazoezi. Muziki ulikuwa unapigwa ng'ambo, lakini filimbi ikanyamaza. Muda si muda mwanamke mmoja aliyevaa nguo za mazoezi akaingia dukani anahema.

"Wewe si ndugu yake mwalimu? Njoo, njoo upesi!"

Yai alivuka barabara na tepu ya kupimia bado iko shingoni. Alipanda zile ngazi akipumzika kila baada ya chache, huku akijilaani. Juu alimkuta Farasi yuko chini, ameegemea kioo kikubwa, midomo imebadilika rangi. Wanawake walikuwa wanampepea. Wawili walikuwa wanamshika mabega wamlaze.

"Msimlaze!" Yai akapiga kelele. "Mkalisheni. Nipisheni. Pigeni simu ya gari la wagonjwa, na mfungue hayo madirisha!"

Akapiga magoti mbele ya mdogo wake. "Niangalie mimi. Inama mbele. Mikono magotini. Usivute kwa nguvu, utajinyonga. Toa kwanza. Kaza midomo, toa polepole kama unapoza chai. Ehee. Tena."

Farasi alimtazama kwa macho ambayo Yai hakuwahi kuyaona kwake, ila aliyafahamu vizuri. Alikuwa ameyavaa mwenyewe tangu utotoni.

Hospitali walimwekea oksijeni, wakampiga picha ya kifua, wakachukua damu na makohozi. Mama alifika na viatu viwili visivyofanana. Kesho yake daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, akaja kitandani na majibu.

"Unavuta sigara?" akamuuliza Farasi.

"Mwanangu ni mwalimu wa mazoezi," mama akajibu kwa niaba yake, kifua mbele.

"Na zile za kielektroniki? Vepu?"

Farasi akamtazama dada yake. Mama akawatazama wote. "Vepu ndiyo nini?"

Yai akasema, "Anavuta. Tangu mwaka jana."

Daktari akavuta kiti. "Wengi wanaambiwa ni mvuke, wanadhani ni kama mvuke wa birika. Sivyo. Ni kimiminika chenye vionjo, na mara nyingi nikotini, kinapashwa moto kinakuwa matone madogo sana, na yanashuka mpaka chini ya mapafu. Tumetafuta maambukizi hatukuyaona. Mapafu yako yamevimba kwa ndani. Yapo mengi kuhusu vitu hivi ambayo bado yanachunguzwa, sitakudanganya kwamba najua yote. Lakini kwa picha kama hii, kuendelea ni kujitafutia balaa."

"Yatapona?" mama akauliza.

"Dalili ni nzuri. Tutampa dawa ya kutuliza uvimbe. Kupona kabisa kutategemea, kwanza kabisa, yeye kuacha."

Mama akamshika Yai mkono, akamtoa mpaka kwenye korido.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia? Wewe, ambaye kifua unakijua kuliko mtu yeyote humu ndani?"

Yai angeweza kusema aliahidi kutunza siri. Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini lililotoka ni jingine.

"Nilitaka na yeye achoke kidogo, mama. Kidogo tu. Ajue."

Mama hakumpiga wala hakumtukana. Alimtazama kama anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtu huyu. Kisha akarudi wodini akafunga mlango.

Farasi aliporuhusiwa, mama alibeba mto na blanketi lake, akahamia chumba cha pili. Yai akabaki na kitanda kipana na ukuta. Hapo ndipo alipogundua kwamba wivu wake wa zamani ulikuwa mtoto mdogo. Sasa supu ilipikwa kwa ajili ya Farasi. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya Farasi. Jirani akija na matunda, aliuliza, "Mgonjwa yuko wapi?" na wote wakaelekea chumba kile kingine. Dawa ya kupuliza ya Yai ilimwishia, na hakuna aliyemkumbusha kununua nyingine. Ilibidi akumbuke mwenyewe, mtu mzima wa miaka thelathini, akalia njia nzima ya kwenda duka la dawa.

Jioni moja akafanya kitu cha aibu. Alikaa kitandani akakohoa kwa makusudi, akaongeza na mluzi wa kifuani ambao alijua kuuiga. Akasikiliza. Kutoka chumba cha pili mama akaita, "Puliza dawa, mwanangu!" Basi. Hata kiti hakikulia.

Siku iliyofuata mama alikuwa uani anaanua nguo. Farasi akamwita dada yake kwa sauti ya kunong'ona.

"Dada. Kwenye mfuko wa pembeni wa begi langu. Niletee."

Yai akalifungua begi. Kilikuwa pale, cha rangi ya waridi, kiko baridi.

"Moja tu," Farasi akasema. "Hujui inavyouma kuikosa. Kichwa kinataka kupasuka. Moja tu, halafu nakitupa."

Yai alikishika kile kitu kiganjani. Aliona wazi jinsi ambavyo ingekuwa: anampa, mama anaingia, ananusa tikiti, na mto na blanketi vinarudi vilikotoka. Ilikuwa rahisi mno. Alisimama pale muda mrefu kuliko anavyopenda kukiri hata leo.

"Mama amehamia huku kwako," akasema. "Umefurahi?"

Farasi akashangaa swali. Kisha akatabasamu kwa aibu. "Sana. Hata nikiumwa, nafurahi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakohoa makusudi ili aje. Ananiambia, 'Wewe mzima, lala.'"

"Ulikuwa unakohoaje?"

Farasi akamwonyesha. Kilikuwa kikohozi kibovu, cha kuigiza, kama mbwa aliyekwamwa na mfupa. Yai akacheka. Hakukipima kicheko kile, akacheka mpaka kikageuka kikohozi cha kweli, na Farasi naye akashikwa, wakawa wanakohoa wote wawili, mmoja kitandani na mwingine chini, machozi yanawatoka.

Mama akaja mbio na nguo begani. Akasimama mlangoni, akamtazama huyu, akamtazama huyu, hajui aanzie wapi.

"Nani?" akauliza. "Ni nani kati yenu?"

Yai akainuka, akamwekea ile vepu mkononi.

"Dada!" Farasi akapiga ukelele. "Msaliti mkubwa wewe!"

"Ndiyo," Yai akasema, bado anahema. "Lakini leo nimesema."

Farasi hakumsemesha siku kadhaa. Kuacha hakukuwa kwa mara moja. Alirudia, akaficha, akakamatwa, akaenda kwa mshauri pale hospitali, akaanza tena kuacha. Mama, baada ya kuwauguza wote wawili kwa zamu, alitangaza kwamba amechoka, akafunga begi akaenda kukaa kwa dada yake. Kwa hiyo siku ya Farasi kurudi kliniki, Yai ndiye aliyemsindikiza.

Pale muuguzi alitoa bomba la kupimia pumzi. Unavuta hewa, unapuliza kwa nguvu zako zote, na mshale unapanda. Farasi akapuliza. Kisha muuguzi, kwa kuwa Yai naye alikuwa mgonjwa wao wa siku nyingi, akabadilisha kidomo, akampa naye.

Mshale wa Yai ukapita wa mdogo wake. Haukupita kwa kidogo.

Alikuwa ameisubiri siku ile tangu enzi za maputo. Akaitazama ile namba, akangoja furaha ije. Kando yake Farasi alikuwa ameinama, anakwangua rangi ya kucha.

"Kifaa chenyewe kibovu," Yai akasema.

"Si kibovu, dada."

"Basi ulipuliza vibaya. Rudia. Nyoosha mgongo."

Akarudia. Ikapanda kidogo sana. Walirudi tena mwezi uliofuata, na uliofuata, na kila mara namba ya Farasi ilisogea, mpaka siku moja ikamfikia Yai, na safari iliyofuata ikampita. Muuguzi akapiga makofi. Farasi akarukaruka mle ndani, akamkumbatia kila aliyekuwa karibu, pamoja na mzee mmoja asiyemfahamu.

Yai akanuna njia nzima ya kurudi nyumbani. Alinuna kwa dhati, kama zamani, na alipofika akamwandalia mdogo wake chai, akamgongea kikombe mezani.