Namba ya Kasuku

Kasuku alizikwa Jumamosi, na wiki iliyofuata kaka yake akamfuta kwenye seva. Hakuwa katili. Yeye ndiye aliyekuwa Fundi wa ofisi ile ya kurekodi vitabu vya wasioona, na meneja alishamkumbusha mara mbili kwamba mtu akiondoka, jina lake lisibaki kwenye mitambo. Akalifuta huku amegeuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano. Kwa machozi yaliyomjaa, akasahau kuzihamishia faili za marehemu kwa mtu mwingine kwanza.

Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia, kwa hiyo nivumilie kidogo. Wasomaji walijifungia kwenye vyumba vidogo visivyopitisha sauti, kila chumba na maikrofoni yake na kompyuta yake ya mezani. Walichorekodi kilihifadhiwa kwenye seva moja ya Unix iliyokuwa ikivuma stoo kutwa nzima, na kila kompyuta iliiona seva hiyo kama folda ya kawaida tu. Kompyuta zilionyesha majina ya watu. Seva yenyewe haikujali majina, ilimjua kila mtu kwa namba. Kasuku, msomaji aliyesajiliwa wa mwisho, alikuwa 1017. Jina lilipofutwa namba ikabaki wazi, na faili zake zikakaa zinamngoja mwenye namba hiyo.

Mwezi mmoja baadaye akaja msomaji mpya, dada mmoja mrefu, mcheshi, wakamwita Mgeni. Fundi akamsajili, akaiachia seva imchagulie namba yenyewe. Usiniulize ilimchagulia ipi.

Mgeni akapewa kiporo cha Kasuku: riwaya nene ya sura ishirini na mbili, ambayo marehemu alikuwa ameifikisha sura ya kumi na tisa kifua kilipomzidi. Kitabu kile alikichagua mama yao, aliyepoteza macho miaka mingi nyuma. Kila Ijumaa jioni Fundi alikuwa akimpelekea sura moja, na kila sura Kasuku aliianza kwa maneno yaleyale: "Mama, weka kikombe chini." Maana hadithi ikimnogea, Mama alikuwa akijimwagia chai mapajani. Kwenye nakala za watu wengine Fundi aliyakata maneno hayo. Kwenye nakala ya Mama aliyaacha.

"Zile tatu zilizobaki ziacheni hivyohivyo," Mama alisema baada ya msiba. "Sauti ya mtu baki siitaki." Na Mama akishasema siitaki, hata umpigie magoti.

Ijumaa mchana Fundi akafungua sura ya ishirini aikague. Kikaanza kikohozi kidogo, kikavu. Kisha: "Mama, weka kikombe chini."

Ilikuwa sauti ya Kasuku, na ile pumzi aliyoivuta kabla ya kila sentensi ndefu ilikuwapo. Nywele zikamsimama Fundi. Akaangalia orodha ya faili: sura zote, tangu ya kwanza, zilionyesha kuwa mwenyewe ni Mgeni. Kosa lake akaliona palepale, waziwazi: Mgeni alikuwa amepewa 1017. Akaenda chumba cha kusomea.

"Nani kakufundisha yale maneno ya kikombe?"

"Kikombe gani tena, Fundi?" Mgeni akacheka. "Mimi nimesoma sura tu, neno kwa neno." Akakohoa. "Samahani. Hiki kifua sijui nimekiokota wapi, kimeanza jana."

Fundi akarudi kwenye kumbukumbu za seva. Mgeni hakuwa amefungua hata faili moja ya zamani.

Kurekebisha namba ni kazi ya dakika tano. Mtu mwenye akili zake angeifanya saa ileile. Fundi aliichukua ile sura akampelekea mama yake, na Mama akaweka kikombe chini, akacheka, akalia, akamshika mwanawe mkono mpaka sura ikaisha.

"Nilijua atamaliza," akasema. "Bado mbili."

Fundi alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimtisha.

Wiki ya pili Mgeni akakonda. Utani ukamwishia, akawa anatembea na leso kiganjani. Sura ya ishirini na moja nayo ikatoka kwa sauti ya Kasuku, na kikohozi kilekile, na Mama akasikiliza. Alhamisi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, Mgeni akajiegemeza kwenye mlango wa Fundi.

"Bwana Waya, nimechoka," akasema.

Fundi akaganda. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita Bwana Waya, na huyo alikuwa mdogo wake.

"Nimekuitaje?" Mgeni akauliza, macho yamemtoka. Kikohozi kikamkamata, akaziba mdomo kwa leso. Alipoiondoa, Fundi akaona doa jekundu. Doa kama lile alishaliona nyumbani kwao, na aliyajua yaliyofuata.

Ilibaki sura moja. Siku moja tu, na Mama angesomewa na mwanawe mpaka ukurasa wa mwisho. Fundi akasimama stoo mbele ya seva, akalia kama mtoto. Kisha akamhamishia Mgeni kwenye 1018. Akamsajili Kasuku upya kwenye namba yake mwenyewe, akaifunga ili asiingie mtu tena. Majina yakabadilika pembeni mwa sura zile. Mbili za mwisho hakujua ni za nani, akaziacha kwa Kasuku.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema kwa sauti.

Kesho yake asubuhi Mgeni akaingia akipiga mluzi. Akasoma sura ya mwisho kwa mkupuo mmoja, bila kukohoa, kwa sauti yake kubwa ya mtu anayeita mtu ng'ambo ya barabara.

Jioni Mama aliisikiliza yote. Ilipokwisha, akauliza:

"Huyu ni nani?"

"Mgeni, Mama. Msomaji wetu mpya."

"Mzima?"

"Mzima kabisa."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Zile mbili nilikisikia kile kikohozi. Nikajua kuna mtoto wa mwenzangu anaumia mahali. Nikanyamaza, mwanangu. Nilimtaka wangu." Machozi yakamtiririka. "Umefanya vizuri."

Ndipo Fundi akaona kwamba Mama bado ameshika kikombe kwa mikono miwili, kimejaa vilevile tangu sura ilipoanza. Alikuwa amengoja kuambiwa akiweke chini. Chai ilishapoa. Fundi akakichukua polepole, akakiweka chini mwenyewe.